Kamera zangu zina Linux, virusi vimeingiaje?

SWALI: Habari za kazi. Nina duka la vifaa vya umeme Morogoro, nilifungiwa kamera nne na kile kiboksi cha kurekodia, fundi akasema mfumo unaokiendesha humo ndani ni Linux kwaiyo virusi nisahau. Sasa wiki ya pili intaneti nzito balaa, alafu watu wa intaneti wamenipigia eti laini yangu inashambulia wengine. Nikizima na kuwasha inatulia kidogo inarudi tena. Fundi alinidanganya?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Sidhani kama alikudanganya makusudi, mafundi wengi wanaamini hivyo, ila hiyo imani inawaumiza wateja na inabidi tuiache. Kwa maelezo yako hiki kinaelekea kuwa kirusi cha ukoo wa Mirai, kinachoshika vifaa vya Linux kama hivyo vyako. Mirai ilivuma 2016 na kazi yake ni moja, inazunguka intaneti inabisha hodi kwenye mlango wa Telnet (njia ya kukiamuru kifaa ukiwa mbali) na kujaribu majina na paswedi za kiwandani, zilikuwa kama 60 hivi, jina admin paswedi admin, jina root (mtumiaji mkuu) paswedi 123456, ikifunguliwa inaingia, inawafungia mlango virusi wengine, inakaa kusubiri amri. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo kamera na ruta zilizotekwa hivyo ziliilemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti kubwa, Twitter na Netflix zikagoma masaa kadhaa, na wenye kamera zao wala hawana habari. Vijana watatu walioitengeneza walikiri mahakamani 2017 lakini programu yenyewe ilishamwagwa mtandaoni, ndo maana mpaka leo inazaa.

Sasa hiyo ya kuzima na kuwasha. Mirai inakaa kwenye RAM tu, ile kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, ukizima inakufa kweli, ila ukiwasha na paswedi ileile ndani ya dakika chache wameshaingia tena. Kwaiyo anza kuchomoa waya wa intaneti, ndo uzime, uwashe, ubadili paswedi ukiwa bado huna neti, na apdeti ya mtengenezaji iweke kwa flashi. Kwenye ruta zima UPnP (inaruhusu vifaa kujifungulia milango vyenyewe) na ufute poti zote, yaani milango, fundi alizofungua ili uone kamera ukiwa nyumbani.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, kuna viboksi paswedi ya root imegandishwa kiwandani, xc3511 ni mojawapo, ukibadili ile unayoiona kwenye skrini hii ya ndani inabaki palepale. Kama chako ni hicho na hakina apdeti, kiache kirekodi humohumo dukani bila intaneti mpaka upate kingine.