Aanzie CMA, Lindi itasubiri

Dada mleta uzi, umeuliza kama mdogo wako, aliyeambiwa "kapumzike nyumbani" kwenye kiwanda cha korosho Masasi baada ya tumbo la mimba kuonekana, akiwa na miezi mitano tu kazini, apande gari hadi ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kule Lindi. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi hapa Mtwara, na kina mama wa kesi za namna hii nimewasindikiza. Aanzie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, hapahapa Mtwara mjini.

Wale wa Lindi wanapokea malalamiko bure na kuchunguza, ila mwisho wanatoa mapendekezo, na bosi mkaidi huyafungia kabatini. CMA wakishindwa kuwapatanisha, suala linaenda kwa mwamuzi, na tuzo yake, yaani uamuzi wake, inakaziwa mahakamani.

Awahi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30. Zikipita ataomba kuongezewa muda, na "nilikuwa nasubiri bosi anipigie" sijaona ikimwokoa mtu.

Sasa hilo la kuwa na miezi mitano tu kazini, ndilo waajiri wanalowatishia watu. Ni kweli, vifungu vya kuachishwa isivyo halali havimlindi aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Lakini katazo la ubaguzi, ndani ya sheria ileile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, halina kigezo hicho. Linamlinda hata mwombaji kazi. Ujauzito umetajwa humo waziwazi. Kwa hiyo kwenye fomu namba 1, ile ya kupeleka mgogoro CMA, asiandike "nimefukuzwa" akaishia hapo. Aandike amebaguliwa kwa ujauzito. Akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Nimeona afisa utumishi akidai "kazi zimepungua", msuluhishi akataka daftari la mahudhurio, kumbe wiki ileile wameingizwa wapya. Wakalipa kabla ya kufika kwa mwamuzi.

Nakala ya fomu impate mwajiri kwanza. Akikataa kusaini (watakataa, hawa nawajua), itumwe kwa rejista posta na risiti itunzwe. Kadi ya kliniki, karatasi za malipo na meseji za msimamizi aende navyo. Simu asimwachie mtoto achezee gemu.

Wakili si lazima, kiongozi wa chama cha wafanyakazi anaruhusiwa kumwakilisha. Mkikosa mtu, nicheki PM.