Maswali na majibu: baiskeli za umeme, mialo, na nyie msiotaka kushuka

Tangu nigusie habari ya kuzunguka vijiji vya mwambao wa ziwa huku Mwanza na mialo yake, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia na kushusha samaki, kwa baiskeli ya umeme na guide, maswali yamekuwa mengi, mengine ya maana na mengine yananifanya niweke simu chini nikanywe chai. Nimechagua haya. Mlioandika kuuliza kama maji ya Ziwa Victoria yana chumvi, nimewaruka makusudi.

Nina miaka 54, mara ya mwisho kuendesha baiskeli nilikuwa shule ya msingi. Hii ya umeme nitaiweza au nitaaibika mbele ya watoto? (Mama, Buhongwa)

Shikamoo mama. Utaiweza. Kubalansi ukishajua hujasahau, na kukanyaga sio tatizo maana ukikanyaga kidogo tu mota inakusaidia. Kinachowaangusha watu ni uzito na breki. Hizi baiskeli zina kilo 20 na kitu, nyingine zinafika 25, sasa mtu anapanda ameshaiweka kwenye msaada wa juu kabisa, amegeuza shingo anaongea na shoga yake, anagusa pedeli, baiskeli inachomoka, anajikuta kwenye michongoma. Anza na namba moja. Mwambie guide akupe dakika kumi kwenye uwanja wowote ulio wazi ujifunze kusimama, ushike breki zote mbili taratibu, sio ya mbele peke yake, hasa kwenye changarawe. Na kama ina ile ya kuvuta kama pikipiki usiiguse siku ya kwanza. Guide akikataa kukupa hizo dakika kumi, muulize anawahi wapi.

Tulilipia tuone wavuvi wa dagaa wakirudi, tumefika saa nne asubuhi mwaloni hamna kitu, mitumbwi imelala na watu wawili wanashona nyavu. Tumetapeliwa? (Kaka wa Dar)

Umefika saa nne halafu unauliza. Dagaa wanavuliwa usiku kaka, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za betri au sola, zinawekwa juu ya maji zinaelea, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unazungushwa. Alfajiri wanarudi, kwahiyo kama unataka kuona ule mchakamchaka wa akina mama na ndoo zao wanagombea mzigo kabla haujagusa mchanga, na mwewe na yangeyange wanavizia juu, unatakiwa uwe pale saa kumi na mbili, saa moja umeshachelewa. Saa nne unakuta watu wameshapiga hesabu zao wanatafuta pa kulala.

Ila kuna kitu guide wako alitakiwa akwambie kabla hujatoa hela: mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wengi wanapumzika siku hizo wanatengeneza nyavu na kuziba mitumbwi. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga safari, ukipanga katikati ya mwezi mpevu utaona wanaoshona nyavu kama ulivyowaona. Huo nao ni mwalo, ungeshuka ukakaa nao ungejifunza kitu, ila najua hukushuka.

Betri ikiniishia katikati ya njia? (Mwanafunzi, Malimbe)

Unakanyaga. Bado ni baiskeli.

Haya, kwa wanaotaka hesabu: betri nyingi za hizi ni volti 36 na Ah 13 hivi, zidisha unapata Wh 468, ndo umeme wote uliomo ndani. Kwa msaada wa kati kwenye njia za huku zenye kupanda na kushuka chukulia inakula Wh 10 mpaka 15 kwa kilomita, kwahiyo kilomita 30 mpaka 45 unatembea. Tour ya kijijini haifiki huko. Inayoimaliza haraka ni mtu mzito kwenye msaada wa juu, matairi yenye upepo mdogo, mchanga, na ule upepo wa mchana unaotoka ziwani ukikupiga usoni wakati wa kurudi, kwahiyo tunza angalau nusu ya betri kwa ajili ya kurudi. Usiiache juani juu ya jiwe wakati mnakula, mawe yetu mnayapenda kwenye picha ila saa nane mchana yanaweza kukaanga yai, na betri ya lithiamu haipendi joto hata kidogo. Wala usiichomeke kwenye chaja ikiwa bado ya moto.

Naona watoto wa Igombe wanaogelea wako fresh tu. Na mimi nikishatoka jasho si naweza kujirusha mara moja nikatoka? (wengi, tena na tena)

Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka. HAPANA.

Kichocho. Konokono wako kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale ufukweni mnapopenda kuchezesha miguu, vijidudu vinatoka kwenye konokono vinaingia kwenye ngozi yako nzima isiyo na kidonda, na havihitaji saa zima, dakika chache zinatosha. Kujifuta na taulo haraka haraka sio kinga ya kutegemea. Na wale watoto hawako fresh, nani kawaambia? Mwambao huu ni moja ya sehemu zenye kichocho cha tumbo kingi, ndo maana shuleni wanagawiwa dawa. Mtoto anaweza kukaa nacho miaka anacheka na kuogelea huku ini linaharibika polepole.

Kama umeshaingia, na najua kuna ambao mnasoma hapa mmeshaingia, usikimbilie duka la dawa kesho yake. Praziquantel, ile dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaponyoka, kwahiyo nenda hospitali wiki sita mpaka nane baadaye, waambie ulioga ziwani, upimwe. Ukipata homa na kuwashwa kabla ya hapo nenda mapema, na malaria nayo ipimwe maana huku iko.

Sijagusa mamba na viboko. Waulize wenyeji wapi wanaonekana, wanajua, na guide anayesema hapa hakuna kabisa ni mgeni kama wewe.

Nivae nini?

Viatu vya kufunga, sio ndala. Kofia ya baiskeli. Nguo ya heshima, unapita kwa watu.

Guide alitupeleka mwaloni, mzee mmoja akaja akasema tusipige picha na kuna mchango wa kutoa. Si eneo la wazi la serikali? Huu si utapeli mtupu? (Dada wa Arusha)

Dada, hapa nivumilie kidogo maana hili ndo linaniuma.

Mwalo una wenyewe. Kuna BMU, yaani wavuvi na wachuuzi wa pale wamejiundia uongozi unaotambulika, wana mwenyekiti, wana ofisi hata kama ni ya mabati, wanasimamia usafi, ulinzi na uvuvi haramu. Wakiweka mchango kwa wageni, uliza ni wa nini, omba risiti, lipa. Ukikosa risiti hapo ongea. Ila kuita utapeli kabla hujauliza, wakati hiyo kampuni ya tour umeilipa bila kuuliza shilingi ngapi inabaki kijijini, hapana. Swali lako ungeanza nalo kule mjini: kwenye hii bei niliyotoa, mwalo unapata nini? Guide wa kijiji mnamchukua au mnakuja na wenu? Tunakula wapi? Nimeona makundi yanatoka mjini na chakula kwenye vikasha, maji ya chupa kutoka mjini, guide wa mjini, wanapita kijijini kama wako kwenye gari la mbugani, wanachoacha ni chupa tupu. Guide wako pia muulize leseni, biashara ya utalii inatakiwa kuwa na leseni ya utalii, ile wengi wamezoea kuiita TALA, asikuambie sijui iko ofisini.

Kuhusu picha. Fikiria mama yuko kwenye matope, kanga imefungwa kifuani, anapambana na ndoo ya dagaa, halafu anatokea mtu na simu usoni. Wewe ungependa kazini kwako? Alafu kuna mambo usiyoyajua, pengine kuna kokoro, wavu uliopigwa marufuku, limefichwa pale na mtu anaogopa picha yako itafika kwa wenye doria, pengine mnunuzi wa mabondo, vile vibofu vya sangara, ana hela kwenye mfuko hataki sura yake izunguke. Uliza kwanza. Ukikubaliwa piga, ukikataliwa weka simu mfukoni maisha yaendelee. Watoto usiwapige picha, na usiwagawie hela wala pipi, wiki ijayo watakuwa wanakimbia mbele ya matairi ya wenzako.

Na matairi yenyewe sasa. Baiskeli ya umeme haina sauti. Pikipiki bibi anaisikia tangu mbali anasogea, yako anaisikia ikiwa mgongoni. Mchana njia za huko kandokando zimeanikwa dagaa, kwenye nyavu kuukuu, kwenye mchanga, hadi karibu kabisa na njia, wanang'aa kama bati ukiwa mbali, na kuna watu wanapita juu yake na tairi! Wanadhani ni takataka. Ule ni mtaji wa mtu, ameukopa asubuhi ile. Mzee aliyekuja kwenu sishangai alikuja na sura ya kazi.

Kwahiyo mkifika nyumba za kwanza, shukeni. Sukumeni baiskeli, nyingi zina kitufe cha kuisukuma yenyewe polepole mwendo wa mtu anayetembea, kwahiyo hata uzito sio kisingizio. Salimieni, wakubwa shikamoo, na ukijaribu mwangaluka, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, watu wanacheka vizuri na mlango unafunguka. Ukitaka kuona kijiji kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa baki barabarani.

Naweza kuja na baiskeli yangu ya umeme kwa ndege?

Baiskeli labda, betri hapana. Ndege za abiria mwisho ni Wh 160 na hiyo ni kwa ruhusa ya shirika, betri yako ni mara tatu ya hapo. Kodi huku.

Tour yetu inavuka sehemu kwa mtumbwi, baiskeli zinapakiwa nasi tunapanda. Ni salama? (Baba wa watoto wawili, Nyegezi)

Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, limevaliwa, sio limekaliwa. Asubuhi, sio jioni upepo umeshaanza. Baiskeli nne za kilo 25 ni kilo mia, huo ni uzito wa mtu mzima na nusu ambao mwenye mtumbwi huwa hahesabu, kwahiyo baiskeli zivuke safari yake na watu safari yao. Akikwambia huwa tunapanda hivihivi kila siku, rudi. MV Bukoba Mei 1996, MV Nyerere Septemba 2018, zote zilizidisha watu zikazama, na ukipita Igoma makaburi ya wale wa MV Bukoba yapo. Watoto wako waache nchi kavu.

Mvua ikinyesha?

Manyunyu hayana shida. Kuizamisha kwenye dimbwi usijaribu, na msioshe kwa pampu ya carwash, maji yanaingia kwenye mota na kwenye soketi. Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba beba koti la mvua, Juni mpaka Septemba ndo kuzuri ila vumbi utakula.

Tunataka siku moja tufanye vyote, mwambao asubuhi, mchana tuendeshe mpaka Bujora makumbusho ya Wasukuma. Inawezekana? (Kikundi cha vijana, Mkuyuni)

Bujora nendeni, kwanza ni aibu mtu umezaliwa Mwanza hujafika, ngoma kubwa zile na kanisa lililojengwa kwa mtindo wa kisukuma, mambo aliyoyaanzisha Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, miaka ya 1950. Ila kutoka mjini ni kama kilomita 20 na njia ni barabara ya Musoma, malori, mabasi, hiace zinashindana. Betri itafika, wewe sina uhakika. Pakieni baiskeli kwenye pickup mpaka Kisesa, mkifika huko ndo mpande.

Tutapata chakula gani kijijini, mke wangu anachagua sana?

Sato wa kuchoma au kuchemsha na ugali, wa dona au wa muhogo. Mwambie guide mapema apige simu, sio mfike kumi na wawili saa saba na nusu mkitaka samaki ambaye hajanunuliwa. Ukibahatika omba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, yenye karanga. Mke wako akikataa hivyo vyote mpe ndizi, zipo.

Nataka kununua dagaa wa kurudi nao Dar kwa basi. Nichague vipi wasiwe na mchanga?

Ulizia waliokaushwa kwenye chanja, wale wa juu ya vichanja vya wavu, sio wa chini. Bei inazidi, lipa. Chukua mmoja mvunje, akikatika kwa sauti amekauka, akipinda mwache. Tafuna kidogo usikie kwenye meno. Alafu funga mfuko mara tatu ndo uingie nao kwenye basi, na usiuweke chini ya siti ya mwenzako.