Si kila kimya mbele ya jopo ni hofu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza mtafuta kazi afanye nini ili aishinde hofu na ajieleze vizuri katika mahojiano. Nilifanya kazi katika ofisi ya utumishi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Amu, yaani mji wa Lamu, na swali hilo limenigusa kwa sababu linachukulia kwamba kijana anayenyamaza mbele ya jopo amenyamazishwa na hofu. Hapa kwetu, mara nyingi sivyo.

Mtoto wa Amu, wa Siyu au wa Faza hulelewa asimkazie macho mtu mzima, asimkatize anaposema, wala asijitaje mwenyewe kabla hajatajwa na wengine. Akijisifu mbele ya wageni, nyanya yake humkumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha siku moja anaitwa mbele ya watu wazima waliojipanga nyuma ya meza, nao wanamtaka ajitembeze, tena kwa Kiingereza. Anainamisha macho, anajibu kwa maneno machache, na kwenye karatasi ya alama inaandikwa kwamba hajiamini.

Hofu yenyewe ipo, sikatai. Moyo huenda mbio na kinywa hukauka, na tiba yake inajulikana: kufika mapema, kupumua taratibu huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, na kuomba swali lirudiwe pale lisipoeleweka. Kwa anayetoka kisiwa cha Pate, kufika mapema maana yake ni kulala Amu usiku wa kuamkia mahojiano, kwa kuwa boti inayopita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, hungoja maji yajae, na saa ya maji kujaa haifuati saa ya jopo.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuketi katika jopo la shule moja ya bweni katika kaunti yetu, iliyokuwa ikitafuta mtunza stoo. Miongoni mwa walioitwa alikuwemo kijana wa Kizingitini, kisiwani Pate. Aliingia, akatusalimu mmoja mmoja kwa kuanzia na mkubwa wetu kwa umri, na akabaki amesimama mpaka alipoambiwa aketi. Mjumbe mmoja akamtaka, kwa Kiingereza, aeleze habari zake na uwezo wake. Kijana akasema kwamba amewahi kusaidia kidogo kazi ya wavuvi. Akanyamaza. Mjumbe akangoja, kisha akamuuliza ni kwa nini shule imchague yeye na si mwingine, naye akajibu kwamba hilo ni la wazee kuamua. Niliona kalamu ya jirani yangu ikiandika alama ya chini kabla sentensi haijakwisha.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikuwa amekuja na ukurasa wa leja alioutayarisha kwa ajili ya kila mwombaji. Akausukuma mezani, akamwambia kwa Kiswahili, “Mwanangu, tazama hesabu hii ya maharagwe, utueleze kama stoo iko salama.” Ukurasa ulionyesha baki la magunia 32, yakapokewa 40, yakatolewa 27, na baki jipya likaandikwa 54. Kijana akavuta kiti mbele. Akashusha kidole safu kwa safu, akarudi juu, akashusha tena, midomo yake ikihesabu bila sauti. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama mwenyekiti machoni. Akasema baki lilipaswa kuwa 45. Tofauti ni 9, na yeye kila akiona tofauti inayogawanyika kwa 9, hushuku kwanza kwamba mwandishi amepindua tarakimu mbili, kwa hiyo hatamshika mtu kwa wizi kabla ya kwenda kuyahesabu magunia yenyewe. Bila kuulizwa akaongeza kwamba kwa gunia la kilo 90 hizo ni kilo 810 zilizomo kwenye karatasi na hazimo stoo, na kwamba kosa hilo likiachwa hadi mwisho wa muhula, mpishi ndiye atakayelaumiwa. Alipoulizwa alijifunza wapi, ikajulikana kwamba ule “msaada kidogo” ulikuwa kuandika peke yake hesabu zote za samaki na kamba za kikundi cha wavuvi cha kwao, mizani, malipo na madeni. Maneno yalimtoka kwa mtiririko, mengine yakiwa ya Kitikuu, lahaja ya nyumbani, na hakuna mjumbe aliyeomba kufafanuliwa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuishia hapo na kusema kwamba wa kurekebishwa ni majopo. Bado naamini wana la kurekebisha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na sioni sababu ya mtunza stoo wa Lamu kupimwa kwa Kiingereza peke yake. Tena nilikusudia kushauri kwamba waombaji wapewe kazi ya mfano na maneno yapunguzwe, nikitegemea uchambuzi wa wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter wa mwaka 1998, waliokusanya tafiti za miaka 85 kuhusu namna ya kumtabiri mfanyakazi bora. Kwa kipimo ambacho 1 ni utabiri kamili, kazi ya mfano ilipata 0.54, mahojiano ambayo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na kupimwa kwa vigezo vilevile 0.51, na mahojiano ya kuulizana lolote 0.38.

Hata hivyo, mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu za aina hiyo na kuviteremsha viwango vingi. Kazi ya mfano ilishuka hadi 0.33 na mahojiano ya kuulizana lolote hadi 0.19, ilhali mahojiano ya maswali yaleyale kwa wote, ingawa nayo yalishuka, yalishika nafasi ya juu ya vipimo vyote kwa 0.42. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba leja inatosha na maneno ni ya bure.

Kuna na jambo jingine, ambalo lingenipendeza zaidi kama lingekuwa vingine. Kazi ile hakupewa kijana wa Kizingitini. Alipewa mwanamke wa Mpeketoni ambaye naye aliliona kosa la leja, lakini kabla ya hapo, alipoulizwa habari zake, alikuwa ametueleza stoo aliyowahi kuitunza ilikuwaje alipoikuta, alitakiwa kufanya nini, alifanya nini kwa mkono wake, na mwisho wa mwaka hesabu zilisomaje. Hakujisifu hata kidogo. Alisimulia kazi, na sifa tukaziona wenyewe. Nilimpa alama ya juu, na leo ningempa ileile.

Kwa hiyo, kijana akiniuliza, nitamshauri ajifunze kusema, ijapokuwa nilianza kwa kumtetea asiyesema. Achague kazi mbili au tatu alizowahi kuzifanya kweli, hata kama ni za kikundi cha wavuvi au duka la mjomba, na azisimulie kwa mpangilio wa yule mama, kwa sauti, mbele ya mtu mzima wa nyumbani anayemstahi, kwa lugha zote mbili, mpaka ulimi uzoee. Ataona kwamba kutoa ushahidi wa kazi hakumvunjii mtu adabu. Salamu zake asiziache. Jopo nalo likiona macho yameinama, lipunguze kuuliza “kwa nini wewe” na liulize “siku ile mzigo ulipopungua ulifanyaje.”

Nayasema haya kwa kazi za stoo, za ofisi na za darasani. Kijana anayetaka kupokea wageni katika hoteli za Shela namtenga na utetezi wangu, kwa kuwa huko kumtazama mgeni machoni na kumzungumzisha ndiyo kazi yenyewe, na jopo lina haki ya kuipima tangu anapofungua mlango.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu