Chipu ikigoma, usikimbilie kuswaipu

Dada wa duka la vitenge hapo Mwanga, Kigoma, uliyeuliza kama ni salama kuswaipu kadi ya benki ya mteja (kupitisha utepe wake wa sumaku kwenye mashine ya malipo) chipu ikigoma: rudia chipu kwanza. Ifute kwa kitambaa kikavu, ichomeke hadi mwisho, usiitoe mpaka mashine iseme. Wengi huichomoa mapema tu. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila malipo. Utepe wa sumaku hurudia data zilezile, ndiyo maana hunakiliwa kirahisi. Ukilazimika kuswaipu, linganisha tarakimu 4 za mwisho kwenye risiti na zilizo kwenye kadi. Zikitofautiana, usitoe mzigo, pigia benki yako. Na mtandao ukikatika katikati (si jambo geni kwetu), angalia orodha ya miamala kwenye mashine kabla ya kukata pesa tena.