Kabla Mbwa Hajalala Chini: Dalili za Mwanzo za Ugonjwa Nilizojifunza Kuzitambua

Shaba, mbwa wangu jike ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, alianza kuugua mbele ya macho yangu nami sikuona. Bakuli lake la maji, ambalo nilizoea kulijaza asubuhi na jioni, lilikuwa likikauka kabla ya mchana, na kwa kuwa kulikuwa na joto kali nilijiambia kwamba kiu hiyo imeletwa na hali ya hewa. Siku ya nne akabakiza chakula. Siku ya sita hakuinuka kunilaki mlangoni, na nilipomsogelea nikamkuta anajilamba sehemu ya uzazi bila kukoma. Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu kabla hajamgusa: mara ya mwisho alikuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, lini? Zilikuwa zimepita wiki tano. Mji wake wa mimba ulikuwa umejaa usaha. Akapasuliwa siku ile ile na akapona, lakini daktari alinieleza waziwazi kwamba kama ningengoja siku mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu sana, na jambo ninalotaka kumwomba kila afugaye mbwa ni kwamba amjue mbwa wake vizuri angali mzima. Mbwa huficha maumivu, na mara nyingi dalili ya kwanza haiwi kutapika wala kuanguka, bali ni tabia fulani ndogo kubadilika: kiasi cha maji anachokunywa, mahali anapolala, namna anavyoinuka. Asiyejua kawaida ya mbwa wake hana cha kulinganisha nacho.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyoniponyoka. Mbwa akinywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kiasi hicho kimepita mpaka. Kwa hiyo mbwa wa kilo 10 hatarajiwi kumaliza lita nzima, na mbwa wengi wazima hunywa pungufu ya hapo sana, hasa wale wanaokula chakula chenye majimaji. Kupima ni rahisi: mimina maji kwa chombo unachojua ujazo wake, na baada ya saa 24 pima kilichobaki na ukitoe katika kiasi ulichomimina. Kiu isiyoisha kwa siku mbili au tatu, ikiambatana na kukojoa mara kwa mara, huweza kutokana na figo, kisukari, ini, au, kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, maambukizi ya mji wa mimba kama yale ya Shaba, ambayo aghalabu hutokea katika wiki chache baada ya joto. Tafadhali usimpunguzie maji kwa kudhani unamsaidia asikojoe ndani ya nyumba, maana mwili unaopoteza maji kwa sababu ya ugonjwa utakauka upesi.

Jambo la pili ni ufizi, na hili ningependa kila mtu alijaribu leo. Inua mdomo wa juu wa mbwa wako taratibu, juu ya jino la chonge. Ufizi wa mbwa mzima huwa na rangi ya waridi na unyevunyevu. Ubonyeze kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha uachie: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi uliopauka ni ishara ya upungufu wa damu au mzunguko wake kudhoofika, na miongoni mwa visababishi vyake ni magonjwa ya damu yanayoenezwa na kupe na, kwa watoto wa mbwa, minyoo ya safura. Rangi ya manjano huashiria ini au kuharibika kwa chembe nyekundu za damu; rangi ya samawati ina maana kwamba hewa haimfikii vya kutosha, na hapo hakuna kusubiri. Wapo mbwa ambao ufizi wao ni mweusi kwa asili. Kwa hao, vuta kidogo kope ya chini na utazame upande wake wa ndani.

Wengi hutegemea pua, nami sikubaliani nao kabisa. Pua ya mbwa hukauka akiwa usingizini au akiota jua, na huweza kuwa mbichi ilhali homa imempanda. Masikio nayo hudanganya, kwa sababu joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, yaani kiwango ambacho kwa binadamu tungekiita homa. Kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa kwa upole katika njia ya haja kubwa ndicho chenye jibu, na kikionyesha nyuzi 40, mpeleke mbwa kwa daktari.

Kuhusu chakula, mbwa mkubwa aliyekosa mlo mmoja huku akiwa mchangamfu anaweza kuangaliwa hadi kesho yake. Mtoto wa mbwa hangojwi hivyo, hasa asiyekamilisha chanjo, kwa sababu ugonjwa wa parvo humwanza kwa kuzubaa na kukataa chakula, kisha kutapika na kuhara, mara nyingi kwa damu, na upungufu wa maji humwua kwa muda mfupi.

Zipo pia dalili zinazokuja polepole hadi macho yakazizoea. Mbwa anayesita mbele ya ngazi alizokuwa akizipanda kwa mbio huambiwa amezeeka, ilhali viungo vyake vinauma na maumivu hayo yana matibabu. Lakini usimpe dawa zako za maumivu: ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli nayo huweza kumdhuru ini.

Mambo machache hayaruhusu hata usiku mmoja kupita: tumbo linalovimba huku mbwa akijitahidi kutapika bila kutoa kitu, kujikamua bila mkojo kutoka, na degedege linalozidi dakika 5. Mbwa aliyebadilika ghafla tabia, anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa, kwa kuwa huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie peke yake na uite wataalamu.

Baada ya upasuaji ule nilianzisha daftari. Kila Jumapili naandika uzito, hali ya ufizi, na idadi ya pumzi za Shaba akiwa amelala fofofo, nikihesabu kifua kupanda na kushuka kuwa pumzi moja, kwa dakika nzima. Mbwa aliyetulia usingizini hapaswi kuzidi pumzi 30. Kwa miaka mitatu daftari lilikuwa likisoma 17, 18, 16. Kisha Jumapili moja likasoma 27, na kwa kuwa idadi hiyo ilikuwa chini ya mpaka lakini si ya kwake, nikahesabu tena usiku uliofuata nikapata 31, na uliofuata huo 34. Mchana alikuwa akila na kucheza kama kawaida. Nilimrekodi kwa simu akiwa amelala, nikaenda na daftari, na daktari akagundua kwamba moyo umeanza kushindwa kazi na maji yameanza kujikusanya mapafuni. Leo Shaba ana miaka kumi na mmoja, anakunywa dawa zake asubuhi na jioni, na jana usiku alikuwa 21.