Tangi Moja la Gari la Michezo Linakufikisha Wapi?

Watu wakiona gari la viti viwili limeegeshwa, swali la kwanza huwa linakimbia kiasi gani, na la pili linakula mafuta kiasi gani. La pili ndilo ninalopenda kulijibu, kwa sababu wengi hawalitegemei jibu lake. Gari langu ni Mazda MX-5 yenye injini ya lita 2 na tangi la lita 45. Nikiwa barabara kuu kwa mwendo wa kutulia, tangi moja hunifikisha kilomita 600 hivi kabla sijaanza kutafuta kituo cha mafuta. Gari hilohilo likiingia uwanja wa mbio, tangi hilohilo halimalizi kilomita 200.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Nakutana na watu walionunua gari la michezo, au wanaojiandaa kununua, ambao wameshika namba moja waliyoisoma kwenye karatasi ya muuzaji na wanataka kupangia safari zao zote kwa namba hiyo. Haitawasaidia. Gari halina umbali mmoja wa tangi. Lina umbali wa kutulia, wa foleni, wa milimani na wa kukanyaga mafuta bila huruma, na ni juu ya dereva kuijua hiyo yote kwa gari lake mwenyewe.

Tuanze na injini, maana ndiyo hubebeshwa lawama. Wengi wanaamini injini kubwa maana yake safari fupi. Sasa chukua magari manne na uyapime kwa takwimu za EPA, shirika la mazingira la Marekani, zile zinazochanganya mjini na barabara kuu. MX-5 ya gia za mkono inakula kama lita 8 kwa kilomita 100, tangi lita 45. Toyota GR Supra ya injini ya lita 3 inakula lita 9 na kitu, tangi lita 52. Chevrolet Corvette C8, injini ya silinda 8 ya lita 6.2, inakula lita 12 na nusu hivi, tangi lita 70. Nissan GT-R R35 yenye turbo mbili, yaani vifaa vinavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini, inakula lita 13, tangi lita 74. Piga hesabu: yote manne yanaangukia kati ya kilomita 550 na 570.

Hiyo si bahati. Wanaounda magari hupima kiu ya injini kwanza, kisha wanatengeneza tangi la kuitosheleza, kwa kuwa hakuna mnunuzi atakayevumilia gari la kusimama kituoni kila baada ya saa mbili. Injini kubwa itakugharimu pesa zaidi kila unapojaza, hilo halina ubishi. Lakini umbali utakaokwenda kabla ya kujaza unakaribiana. Zaidi ya hapo, Corvette C8 ikitulia barabara kuu huzima silinda 4 kati ya 8, na gia yake ya mwisho ni ndefu kiasi kwamba injini inazunguka polepole mno. Kwa safari ndefu iliyonyooka linakula kidogo kuliko sauti yake inavyokufanya uamini.

Kinachomaliza tangi ni upepo, na hapa naomba tukae kidogo.

Nguvu ya upepo unaokuzuia haipandi sambamba na mwendo. Inapanda kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 100 kwa saa ukaenda 130, mwendo umeongezeka kwa asilimia 30, lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa asilimia 69. Ukifika 160, ukinzani ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa 100. Gari la michezo liko chini na limechongwa vizuri, na ndiyo maana mwenye gari husahau. Huhisi chochote. Ndani kumetulia, usukani umetulia, na mshale wa mafuta unashuka.

Nina rafiki mwenye MX-5 kama yangu, injini ileile. Tuliondoka pamoja matangi yamejaa, kwenye barabara inayoruhusu mwendo mkubwa, tukakubaliana kukutana kituo kilichokuwa kilomita 400 mbele. Mimi nilikaa kwenye 110, yeye akakaa kwenye 140 kila alipopata nafasi. Nilimkuta amenisubiri. Tukaweka magari kwenye pampu mbili zinazotazamana, tukaanza kujaza kwa pamoja. Bomba langu likakata kwenye lita 26 na nusu. La kwake likaendelea kuunguruma, namba zikipanda, likakata kwenye lita 35 na nusu. Tukasimama tunazitazama zile skrini mbili. Kwa magari mawili ya namna moja, barabara moja, siku moja, mimi nilikuwa nimetumia lita 6.6 kwa kila kilomita 100 na yeye lita 8.9. Ukiacha akiba ya lita 6 kwenye kila tangi, mimi ningefika kama kilomita 590 na yeye kama 440. Alikuwa ameokoa robo tatu ya saa hivi, na kwa dakika hizo kilomita 150 za tangi zimekwenda na upepo.

Mfano wa mwisho kabisa wa jambo hili ni Bugatti Veyron. Tangi lake lina lita 100, na kwa mwendo wake wa juu kabisa, zaidi ya kilomita 400 kwa saa, linakauka kwa dakika 12 hivi. Hiyo ni kama kilomita 80 tu. Gari hilohilo likiendeshwa kistaarabu linakwenda mara kadhaa ya umbali huo kwa tangi hilohilo. Hakuna aliyebadilisha injini wala tangi.

Kuna jambo la pili ambalo wenye magari ya turbo wanapaswa kulijua, kwa sababu halionekani. Katika hali ya kawaida injini ya petroli inachoma takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Ukikanyaga hadi mwisho na kushikilia, kompyuta ya injini nyingi za turbo humwaga petroli zaidi ya ile ambayo hewa iliyopo inaweza kuichoma. Petroli hiyo ya ziada haikuongezei mwendo wa maana. Kazi yake ni kupoza pistoni, turbo na katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, visiungue. Kwa maneno mengine, unanunua mafuta yenye oktani ya juu (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kutowaka kabla ya wakati) na kuyatumia kama maji ya kupozea. Ndiyo maana gari lenye injini ndogo ya turbo huonekana la ajabu kwenye karatasi na likakuangusha barabarani: lilipimwa likiwa limetulia, wewe unaliendesha likiwa limekasirika. Kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, fika kwenye mwendo unaoutaka, kisha legeza. Kinachokula ni kule kushikilia.

Kulegeza nako kuna namna yake. Madereva wa Formula 1 hawaruhusiwi kuongeza mafuta katikati ya mashindano tangu 2010, na tangu 2014 kulikuwa pia na kikomo cha mafuta ya mashindano, ambacho mwaka 2019 kilipandishwa hadi kilo 110 kwa takriban kilomita 305. Ni karibu lita 48 kwa kilomita 100. Ili yatoshe, mara nyingi huachia kanyagio mapema kabla ya kona, wakaliacha gari liteleze kidogo, ndipo washike breki. Fanya hivyohivyo. Ukiona taa nyekundu au kona kali mbele, ondoa mguu mapema ukiwa bado kwenye gia. Injini za kisasa hukata mafuta kabisa pale unapoachia kanyagio gari likiwa kwenye gia. Ukiweka nyutro, injini inarudi kula mafuta ya kujiendesha yenyewe, na umepoteza breki ya injini juu yake. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba nyutro inaokoa mafuta. Labda ilikuwa kweli enzi za kabureta, leo si kweli.

Sasa, utajuaje namba zako? Usitegemee dashibodi peke yake. Ile namba ya kilomita zilizobaki ni makadirio: kompyuta inachukua mafuta iliyoyahisi kwenye tangi na kugawanya kwa ulaji wa kilomita chache zilizopita. Ukitoka kwenye mteremko mrefu itakupa namba ya kukufurahisha, na ukianza kupanda itaporomoka mbele ya macho yako. Pima mwenyewe. Jaza mpaka bomba likate mara ya kwanza, usiongeze hata tone, kisha rudisha sifuri kile kihesabio cha safari. Endesha kama kawaida yako. Ukirudi kujaza, jaza tena mpaka likate mara ya kwanza, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Ukiweka lita 38 baada ya kilomita 520, ulaji wako ni 7.3. Mimi huandika kwenye simu nikiwa bado nimesimama pale pale, pamoja na neno moja la aina ya safari: mjini, barabara kuu, milima. Baada ya muda unakuwa na namba tatu za kuaminika, na ukichungulia mshale wa mafuta unajua unakwenda wapi.

Kutoka kwenye ujazo wa tangi, ondoa akiba kabla ya kupiga hesabu yoyote. Kwa MX-5 mimi huondoa lita 6, kwa tangi kubwa ondoa 8 hadi 10. Sababu si woga wa kukwama tu. Pampu ya mafuta ya magari ya sasa imo ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Anayeishi kwenye taa nyekundu ya mafuta anaipunguzia pampu yake maisha, na pampu ya gari la michezo si ya bei ya kawaida.

Tena kuna umbo la tangi lenyewe. Magari mengi yanayosukumwa na tairi za nyuma yana shafti inayopita chini katikati, kwa hiyo tangi limekaa kama tandiko, nusu huku na nusu kule, na mafuta huvutwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwenye pampu kuu. Likiwa limejaa hakuna shida. Likiwa limebaki na robo, halafu ukaingia kona ndefu kwa kasi, mafuta yanakimbilia ukutani na pampu inaweza kunyonya hewa. Utasikia injini inakohoa pale katikati ya kona, mahali ambapo hutaki kabisa nguvu ikatike. Kwa hiyo kwenye barabara za kona nyingi, robo tangi kwangu ni sawa na tangi tupu. Kwenye uwanja wa mbio naanza kufikiria kujaza nikifika nusu, na kwa kuwa huko gari zito lenye nguvu kama GT-R linaweza kula lita 40 na zaidi kwa kilomita 100, nusu hiyo inafika haraka kuliko unavyodhani. Hakikisha umeshajua kituo cha karibu kabla hujaingia uwanjani, na unayo mafuta ya kukufikisha hapo.

Mengine ni madogo ila yanajumlishana. Paa lililofunguliwa kwa mwendo wa barabara kuu linaharibu umbo la gari na kuongeza ukinzani. Tairi laini zenye kushika sana, zile za uwanjani, zinalivuta gari nyuma zaidi kuliko za kawaida. Upepo wa tairi upime zikiwa baridi. Na kama mtengenezaji ameandika oktani 98, weka 98: ukishusha, kompyuta itachelewesha cheche ili injini isigonge, utapoteza nguvu, na mguu wako utadai zaidi bila wewe kujua. Petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi, kama E85, ina nishati pungufu kwa robo au zaidi, kwa hiyo umbali wako nao utapungua kiasi hicho.

Kwa anayenunua, uliza ukubwa wa tangi kama unavyouliza nguvu za injini. Porsche imewahi kuuza 911 zenye tangi la lita 64, na kwa hiari ya mnunuzi, tangi la lita 90. Kwa ulaji wa lita 10 barabara kuu, huo ni umbali wa ziada wa kilomita 260 kwenye gari lilelile. Lakini lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo lita 26 za ziada zikijaa ni kama kilo 19, zote zikiwa mbele. Kama safari zako ni za kuvuka nchi, chukua kubwa. Kama gari litaishi zaidi kwenye uwanja wa mbio, baki na dogo, na pesa iliyobaki iweke kwenye tairi.