Mtoto akiamka na homa siku ya mtihani: ujumbe ambao shule inafaa kuutuma mapema

Kila mwaka, muhula wa tatu ukianza, simu za wazazi hapa Nakuru hujaa jumbe za shule. Tarehe za mtihani, salio la karo, vifaa vya kuleta. Siku hizi huongezewa tahadhari ya ugonjwa: leo kipindupindu, kesho homa inayozunguka mabwenini. Mwisho wa Julai 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox kule Taita Taveta, kundi letu la wazazi liliwaka maswali usiku kucha.

Nimekuwa mwakilishi wa wazazi katika shule moja ya msingi upande wa Kaptembwo tangu kabla ya korona. Neno langu kwa walimu na wazazi wenzangu ni hili: habari za mtihani na kanuni za afya ziende katika ujumbe mmoja, na ujumbe huo useme waziwazi mtoto mgonjwa atafanyiwa nini. Mzazi anayeambiwa leo kwamba mwenye homa asije shuleni, kisha kesho akaambiwa kwamba atakayekosa mtihani shauri yake, atamficha mgonjwa. Nimeliona kwa macho yangu.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Jumapili tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe. Za kutwa zilifunga kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano. Wengi tulidhani ni wiki chache. Tarehe 7 Julai, Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea, KCPE na KCSE, yaani mitihani ya kitaifa ya darasa la nane na ya kidato cha nne, hazitafanywa mwaka huo, na shule zitafunguliwa Januari. Kabla hatujazoea hilo, gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakaitwa warudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la nane, kwa hiyo kila badiliko lilipita nyumbani kwangu kabla sijalieleza kwa wengine.

Oktoba ile, mama mmoja alikuja na simu yake mkononi akaniomba nimwambie ashike lipi. Alikuwa na jumbe kadhaa kutoka kwa watu anaowaamini. Mmoja ulisema Septemba, mwingine Januari, mwingine Jumatatu ijayo, na hakuna hata mmoja uliokuwa na siku ulipoandikwa. Zote zilikuwa zimewahi kuwa kweli au kukaribia ukweli wakati wake. Ndiyo maana nawasihi walimu: kila ujumbe uanze na tarehe ya leo na jina la shule, useme agizo limetoka wapi, na kama unabadilisha agizo la awali, useme hivyo: "Ujumbe wetu wa Jumanne sasa hautumiki." Shule nyingi huogopa sentensi hiyo kana kwamba itawavunjia heshima. Mimi nimeona wazazi wakiiamini zaidi shule inayosema wazi kwamba mambo yamebadilika kuliko ile inayotuma tangazo jipya na kunyamazia la zamani.

Sasa nirudi kwenye homa.

Siku chache kabla ya KCPE, ambayo ilifanywa tarehe 22 hadi 24 Machi 2021, wazazi walikuwa wamekaa karibu na cherehani yangu wakisubiri sare. Mmoja akawa anamweleza mwenziwe dawa ya kushusha joto atakayompa mtoto alfajiri, ili ile bunduki ya kupimia joto isisome zaidi ya nyuzi 37.5 pale langoni. Huyu hakuwa mzazi mzembe. Mtoto wake alikuwa amesomea redioni miezi yote ya kufungwa, daftari magotini. Mtihani wenyewe ulikuwa umesukumwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Na kuhusu ugonjwa shule ilikuwa imemwambia jambo moja tu: mwenye joto haingii. Kinachofuata baada ya kutoingia hakuambiwa na mtu.

Dawa hiyo ya alfajiri ina hatari mbili. Mtoto anaingia chumbani na kuketi na wenzake akiwa na ugonjwa wa kuambukiza. Na homa yenyewe inafunikwa bila kujulikana ni ya nini. Hapa kwetu familia nyingi zina nyumbani Busia, Siaya, Kakamega, na mtoto aliyetoka huko wiki iliyopita anaweza kuwa na malaria, si korona. Huyo anahitaji kupimwa na kutibiwa siku hiyo hiyo. Kidonge cha kupitishia lango hakitamtibu.

Jioni ile nilimwendea mwalimu mkuu, tukaketi na kuandika ujumbe mpya. Nauweka hapa karibu kama ulivyokuwa, yeyote anayetaka auchukue na kubadilisha tarehe:

"Wazazi wa darasa la nane. KCPE inaanza Jumatatu tarehe 22 Machi, saa mbili na nusu asubuhi. Mtoto awe langoni saa moja na nusu. Alete penseli, kifutio, rula na barakoa. Asiye na barakoa aje, atapewa. Akiamka na homa au kikohozi, usimpe dawa ya kuficha wala usimfungie nyumbani. Mpigie mwalimu wa darasa kabla ya kutoka. Mtoto ana chumba chake na atafanya mtihani. Hakuna atakayekosa mtihani kwa kuwa mgonjwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Asubuhi ya Jumatatu simu ya mwalimu wa darasa ililia kabla ya mapambazuko. Waliopiga ni wazazi ambao, bila ujumbe ule, wangefika langoni kimya. Chumba kilikuwa tayari, madirisha wazi, na mtoto aliyehitaji kukaa humo alikaa.

Lakini shule isiandike ahadi kama hiyo kabla ya kuipanga. Mwalimu mkuu ndiye meneja wa kituo cha mtihani, na ndiye anayepaswa kuwasiliana na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mtahiniwa anapougua. Kila mwaka watahiniwa waliolazwa hufanyia mtihani wa kitaifa hospitalini wakiwa na msimamizi na ulinzi, wakiwemo wasichana waliojifungua wiki hiyo hiyo. Njia ipo. Tatizo ni kwamba mzazi huijua habarini, jioni, wakati mtihani wa mwanawe umeshapita. Mzazi mwenzangu, mtoto akilazwa usiku, piga simu usiku huo huo. Usingoje kukuche.

Kuhusu barakoa pia niseme. Ujumbe uliokuwa ukisambaa katika shule nyingi ulikuwa "bila barakoa hakuna kuingia". Kwa mama anayefua nguo za watu mtaa wa Section 58 ili apate unga, ujumbe huo unamwambia mtoto abaki nyumbani. Mafundi wa mtaa wetu tulishona kutokana na mabaki ya vitambaa, tukaweka kasha langoni. Kanuni ikija tena, ya barakoa au ya chupa ya maji yaliyochemshwa, shule itaje kanuni na papo hapo itaje msaada kwa asiyeweza.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba tulikuwa tukiangalia mahali pasipo na shida. Ndani ya chumba cha mtihani madawati hutenganishwa kwa mita 1.22, kanuni ya Baraza la Mitihani, KNEC, iliyokuwepo kabla ya korona ili watoto wasinakiliane. Msongamano ulikuwa langoni: wazazi wakiombea watoto, ndugu wakiwashika mikono, bodaboda wakingoja. Tukaongeza mstari mmoja: "Agana na mtoto barabarani, si langoni." Walioudhika walikuwepo, lakini njia ilipitika.

Saa ziandikwe kwa maneno. Ukiandika 8:30, yuko atakayesoma saa nane na nusu. Nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu aliniuliza kwa wasiwasi kama mtihani ni wa mchana. Andika "saa mbili na nusu asubuhi" na hakuna atakayepotea.

Na nyanya huyo hana WhatsApp. Ana mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi. Nyumba nyingi zina simu moja inayoondoka na baba asubuhi na kurudi usiku, kwa hiyo ujumbe wa saa nne asubuhi kuhusu jambo la leo haumfikii mtu. Shule itume ujumbe mfupi wa kawaida, jioni, siku mbili kabla, na ibandike karatasi langoni na kwenye duka ambalo kila mtu hununua maziwa. Ujumbe mrefu hufika vipande vipande, mara nyingine cha mwisho kikitangulia. Ukiwa na mambo manne, tuma kwanza lile ambalo mzazi akilikosa mtoto ataumia. Sauti iliyorekodiwa na mwalimu wa darasa, ikisambazwa kwenye kundi, huwasaidia wasiosoma vizuri, na watu huitambua sauti ya mwalimu wao. Uvumi hauna sauti hiyo.

Ijumaa ya tarehe 26 Machi 2021, siku mbili tu baada ya KCPE kumalizika, Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Hakuna kutoka wala kuingia, kafyu saa mbili usiku, masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa ila kwa watahiniwa. KCSE ilikuwa ndiyo inaanza. Wazazi wa Kisumu na Kakamega wenye watoto katika mabweni ya huku walituuliza swali moja: mtoto akimaliza karatasi ya mwisho, atarudije nyumbani? Kuna shule zilizowaandikia siku ile ile hata kabla hazijawa na jibu kamili: mtoto yuko salama, anaendelea na mtihani, tutawaandikia Jumatatu saa kumi jioni kuhusu usafiri. Ahadi ya saa humtuliza mzazi kuliko maneno mengi ya faraja, mradi saa hiyo ikifika ujumbe ufike, hata kama ni wa kusema bado tunasubiri. Nyingine zilinyamaza, na wazazi wakajazwa na uvumi.

Kwa wazazi wa sasa, hali imebadilika kwa namna ambayo sioni shule nyingi zikiieleza. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtoto wa gredi ya sita sasa anafanya KPSEA, ambayo ni asilimia 40 tu ya alama zake. Asilimia 60 inatokana na tathmini za shuleni katika gredi ya nne, ya tano na ya sita. Kwa KJSEA ya gredi ya tisa, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 inatoka KPSEA, asilimia 20 kwenye tathmini za gredi ya saba na ya nane, na 60 kwenye mtihani wenyewe. Hii ina maana kwamba mtoto wa gredi ya tano anayelala na surua wiki ya tathmini anaweza kupoteza kitu kitakachomfuata miaka, na nyumbani hakuna anayejua kwa sababu hakuna helikopta angani wala askari langoni kama siku za KCPE.

Kwa hiyo muulize mwalimu wa darasa mapema, muhula ukianza: tathmini ni wiki gani, na mtoto wangu akiugua atafanya lini? Akija kuugua, chukua karatasi ya daktari, piga picha, mtumie mwalimu siku hiyo hiyo, kisha uweke nakala. Akipona, fuatilia uhakikishe tathmini imefanywa na alama zimeingizwa. Mwalimu mwenye watoto sitini darasani si mbaya akisahau mmoja, lakini wewe una huyo mmoja.

Ukipokea ujumbe usioeleweka, mpigie mwalimu kabla ya kuusambaza. Na ukiona tangazo lenye nembo ya wizara lakini halina tarehe wala sahihi, liache palepale.

La mwisho ni la faragha. Kundi la wazazi si mahali pa kutaja jina la mtoto anayekohoa, wala pa kubandika orodha ya alama. Wakati wa korona nimeona familia ikiepukwa kisimani na dukani kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye kundi. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Likitokea ugonjwa, shule iseme "kuna mgonjwa katika gredi ya nne, angalieni dalili hizi", ikomee hapo, na mzazi wa mtoto huyo apigiwe simu na mwalimu mmoja tu. Matokeo yakitoka, kila mzazi atumiwe ya mtoto wake, kwenye simu yake.